Kosa la Penseli na Kosa la Msumeno

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, ili nitakapofika mbele nikawagusa wengine, asiwepo wa kusema kwamba mtangazaji huyu anajua kuwasema wenzake tu.

Miaka michache iliyopita nilimwagiza fundi seremala mmoja wa mjini hapa anitengenezee kabati la nguo. Fundi huyo hakuwa mbabaishaji. Mkono wake unajulikana, na mninga alioutumia ulikuwa umekauka sawasawa. Alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Mwanga, akatoa futi yake, akapima chumba mbele ya macho yangu. Kutoka sakafuni hadi kwenye dari akapata sentimita 235. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 200. Tukakubaliana kabati liwe na kimo cha sentimita 230, upana 150 na kina 60. Mchoro haukuwapo. Yeye alikuwa na kabati lake kichwani, nami nilikuwa na langu kichwani, tukaagana kwa kupeana mikono na fedha za kuanzia.

Siku ya kulileta, vijana wanne walilisukuma kwa mkokoteni hadi mlangoni. Likaingia chumbani likiwa limelala kiubavu, bila taabu yoyote. Tukafurahi. Ndipo walipoanza kulisimamisha. Likapanda, likapanda, kisha likafika mahali likagoma. Kona yake ya juu ilikuwa imegota kwenye dari, na kabati lenyewe bado limeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Tukapima tena. Dari 235, kabati 230. Namba zinasema linaenea, dari inasema halienei.

Msikilizaji aliyeipenda hesabu ameshacheka. Kitu chenye pembe kinaposimamishwa kutoka kulala hakipiti kwa kimo chake. Hupita kwa mshazari wake, yaani ule mstari unaokatiza kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kimo cha 230 na kina cha 60 huzaa mshazari wa karibu sentimita 238. Tulipungukiwa na sentimita tatu tu. Ni kanuni ileile ya Pythagoras tuliyoikariri sekondari na kuiacha palepale kwenye karatasi ya mtihani.

Fundi akatikisa kichwa, akaniambia, "Mtangazaji, hapa hakuna ujanja. Ni kubomoa dari au kukata miguu." Nikamjibu, "Kata miguu, fundi." Msumeno ukapita, sentimita tano zikaondoka, mshazari ukashuka hadi 233, kabati likasimama. Limesimama mpaka leo, limekaa chini kabisa bila miguu, na kila msimu wa mvua ubao wake wa chini hunyonya unyevu wa sakafu na kuvimba. Hiyo ndiyo bei ya kutochora.

Wiki chache baadaye nilipita kwenye karakana ya fundi yuleyule. Nikamkuta mpwa wake, kijana aliyetoka kusoma ufundi, ameketi juu ya gogo na kompyuta mpakato magotini. Aliposikia habari za kabati akaniomba nimtajie vipimo vya chumba. Akavigonga. Kwenye kioo kikatokea chumba changu, kuta nne, mlango na dari. Akagonga vipimo vya kabati, nalo likatokea limelala sakafuni. Halafu akaanza kulisimamisha taratibu kwa kidole chake. Kona ya juu ikapanda, ikafika darini, ikatoboa dari ikatokeza upande wa pili. Kijana akasema kwa sauti ya upole, "Shikamoo mzee, kabati lako ndilo hili."

Sikuwa na la kumjibu, nikaitikia marahaba. Kazi iliyotugharimu mninga, mkokoteni na heshima yangu mbele ya majirani, yeye aliimaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na alipokosea hakupoteza hata unyoya wa mbao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia jambo hili la kuchora kwa kompyuta, na leo nataka tulielewe pamoja, kwani wengi wetu tunadhani ni mchezo wa picha za kupendeza. La hasha. Ni namna ya kukosea mapema, wakati kosa bado ni rahisi.

Tuanze na tofauti moja kubwa. Unapochora mstari kwa penseli, umeacha alama ya risasi kwenye karatasi. Karatasi haijui mstari huo ni nini. Unapochora mstari kwa programu ya kompyuta, hukuacha alama. Umeiambia kompyuta namba. Umeiambia kwamba kuna nukta hapa, na nyingine umbali wa sentimita 230 kutoka hapa, na kati yao kuna ukingo wa ubao wenye unene wa sentimita mbili. Kompyuta huzihifadhi namba hizo, na picha unayoiona kwenye kioo ni njia yake tu ya kukuonyesha namba hizo. Kwa sababu hiyo unaweza kukizungusha kitu, kukitazama toka juu, toka chini, hata kuingia ndani yake. Na katika programu nyingi za siku hizi, mchoraji akipanga kazi yake vizuri, akibadilisha namba moja, kimo kikawa 225 badala ya 230, basi milango, mbavu na rafu zote hujirekebisha zenyewe kufuata kimo kipya. Kwa penseli na raba hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima.

Kutoka kwenye namba hizo hizo hutoka vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni ramani ya kazi: mistari mitupu, sura ya mbele, ya ubavuni na ya juu, kila kipande na kipimo chake, na orodha ya mbao zitakazokatwa. Hiyo ni ya fundi. Cha pili ni picha ya kuonea. Hapa mchoraji huiambia kompyuta kwamba ubao huu ni mninga, hiki ni kioo, taa iko pale na jua linaingia dirishani. Kompyuta hukokotoa jinsi mwanga utakavyogonga kila uso na kurudi kwenye jicho, na matokeo yake ni picha ambayo unaweza kudhani imepigwa kwa kamera. Hiyo ni ya mteja, ambaye mara nyingi hawezi kuisoma ramani. Mteja akiiona anasema, "Hapana, milango sitaki mitatu, nataka miwili," na kusema hivyo hakumgharimu mtu hata msumari.

Sasa, wako watakaosema kwamba huu ni ustaarabu wa mbali, sisi wa Kigoma unatuhusu nini? Ndugu zangu, Kigoma ni mji wa mwisho unaostahili kuuliza swali hilo. Tembea hadi bandarini, ukaulize habari za meli ya Liemba.

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer kwenye mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Lakini ilikusudiwa kuelea katika ziwa lililoko ndani kabisa ya bara la Afrika, ambako hakuna meli ya baharini inayoweza kufika. Wajerumani walifanya nini? Waliiunga meli nzima kule kwao, yenye urefu wa mita zipatazo 71, ili wahakikishe kwamba kila bamba linakaana na jirani yake. Kisha wakaifungua yote, wakaifunga katika makasha 5,000, wakaisafirisha kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikaja kwa treni hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg wakaja kuiunga upya hapa, pamoja na vibarua wengi, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Fikiria makasha 5,000 yamerundikana ufukweni Kigoma. Bila michoro na alama juu ya kila kipande, hilo lilikuwa rundo la vyuma chakavu. Aliyewaza meli hiyo hakulazimika kuliona Ziwa Tanganyika, na vibarua walioipigilia misumari ya moto hawakulazimika kuiona Papenburg. Kilichowaunganisha ni mchoro. Hata hivyo angalia jambo moja: mwaka 1913 mchoro peke yake haukutosha. Ili wawe na hakika kwamba vipande vitaenea, ilibidi waiunge meli nzima, halafu waibomoe tena. Walilipa gharama ya kuiunga meli mara mbili ili wasikosee mara moja.

Sasa ruka miaka 81 mbele. Tarehe 12 Juni 1994 huko Marekani iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya Boeing 777. Ndege hiyo ndiyo ya kwanza kubwa ya abiria kusanifiwa yote kwa kompyuta, kwa programu ya Kifaransa iitwayo CATIA. Kabla ya hapo watengeneza ndege walikuwa wakijenga mfano mzima wa ndege, kwa mbao na vyuma, ili waone kama mabomba, nyaya na mihimili vinapishana. Kwa 777 upishanaji huo ulitafutwa ndani ya kompyuta. Hata umbo la mtu liliwekwa humo, ili ijulikane kama fundi wa kuitengeneza ndege ataweza kupenyeza mkono wake hadi kwenye kifaa kilichoharibika. Kwa lugha ya Kigoma ningesema hivi: waliiunga na kuibomoa Liemba yao mara elfu, bila kugusa chuma.

Kompyuta ilijifunzaje kuchora? Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani aitwaye Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Mtu aliweza kugusa kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga akachora mistari, na kompyuta ikamsaidia kuinyoosha. Mashine yake ilikuwa kubwa kiasi cha kujaza chumba. Ilipofika mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ikatoa programu ya AutoCAD, iliyoweza kutumika kwenye kompyuta ndogo ya mezani, na kuanzia hapo mchora ramani wa kawaida naye akaanza kuweka kando rula yake ya T.

Lakini kulikuwa na tatizo lililowasumbua wataalamu: mstari ulionyooka ni rahisi, je, mkunjo? Mwili wa gari, bawa la ndege na ubavu wa meli havina mistari iliyonyooka. Huko Ufaransa, Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta hesabu za kuieleza mikunjo hiyo, na mikunjo hiyo inatumika mpaka leo. Wenzao wengine wakaiga kifaa cha zamani sana cha wajenzi wa meli. Wajenzi hao walikuwa na ufito mwembamba wa mbao, wanaukunja kati ya nukta na kuukandamiza kwa vizito, na ufito wenyewe ulitafuta njia yake laini. Hesabu ya mkunjo huo ikaingizwa kwenye kompyuta, nayo ikabaki na jina la ule ufito.

Niliposoma habari hizo nilisimama kidogo, kwa sababu ufito huo ninaujua. Nimeuona Ujiji.

Yuko mzee mmoja mjenzi wa boti kule Ujiji, jina lake ataniwia radhi silitaji. Boti zake hubeba abiria na mizigo kuelekea vijiji vya mwambao. Hana karatasi. Huanza na mkuku, husimamisha mataruma mawili matatu, kisha huchukua ufito mrefu mwembamba, huukunja kutoka omo hadi tezi juu ya mataruma hayo, halafu hurudi nyuma hatua kumi, hufumba jicho moja na kutazama. Pale ufito unapovimba hupunguza, pale unapobonyea huongeza. Ni kazi ileile waliyoifanya wajenzi wa meli wa Ulaya, na ndiyo inayofanywa na kompyuta kwa hesabu. Tofauti ni kwamba ya kompyuta inahifadhiwa, na ya mzee inaondoka pale boti inapoondoka ufukweni.

Nilimpeleka yule kijana wa kompyuta kwa mzee huyo. Mzee alimtazama, akaniuliza mimi, "Mwanangu, hicho kidude chenu kinaweza kuijua boti yangu?" Kijana akajibu, "Kitaijua babu, ukituruhusu tuipime." Kulikuwa na boti ya mita nane juu ya magogo, inangoja kalafati. Tukafunga kamba toka omo hadi tezi, na kila nusu mita tukapima upana wa kushoto na wa kulia na kina cha kwenda chini, mimi nikishika futi na kuandika kwenye daftari langu la habari. Jua lilituwakia. Vituo 17 vya kupimia vilipokwisha, kijana akaketi kivulini akaingiza namba zote, na boti ya mzee ikatokea kwenye kioo.

Mzee akainama akatazama. Hakusema ni nzuri. Akanyoosha kidole karibu na tezi akasema, "Hapa mmekosea."

Kijana akasema namba ndivyo zilivyo. Mzee akasema namba hazijui. Tukarudi na futi mahali penyewe. Naam, mzee alikuwa na haki. Kipimo kilikuwa 68, nami kwenye daftari nilikuwa nimeandika 86. Kompyuta ilikuwa imekichora kivimbe hicho kwa utiifu wote, bila kuuliza, na ingekichora hata kama ningeandika 860. Jicho la mzee ndilo lililokikataa.

Ndugu msikilizaji, yote ninayotaka kusema leo yamo katika tukio hilo. Kompyuta haina akili ya ufundi. Ina utiifu na kumbukumbu. Mzee ana akili ya ufundi, lakini kumbukumbu yake ni mwili wake mwenyewe, na mwili huzeeka. Alituambia kwamba wanawe hawakuifuata kazi hiyo. Siku akipumzika, ule mkunjo wa ubavu uliozoea mawimbi ya ziwa letu utaondoka naye, na hakutakuwa na mahali pa kuutafuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini mali kubwa ya Ujiji na Kibirizi ni hii iliyomo vichwani mwa wazee, nayo haina daftari.

Tena boti ikishaingia kwenye daftari hilo, yapo maswali yanayoweza kuulizwa kabla ya kuingia majini. Chombo huzama ndani ya maji mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na uzito wake, na kila mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina takriban tani moja. Boti yenye eneo la mita za mraba 10 pale inapokatwa na uso wa maji, itashuka karibu sentimita 10 kwa kila tani utakayoipakia. Kompyuta yenye umbo kamili la boti hukupa hesabu hiyo kwa mzigo wowote, na hukuonyesha pia itainama kiasi gani abiria wote wakihamia upande mmoja kutazama kitu.

Hili si jambo la mapambo. Mwaka 1628 mfalme wa Sweden alikuwa na meli mpya ya vita, Vasa, iliyojengwa na wajenzi wenye uzoefu mkubwa lakini wasio na hesabu za kujua uthabiti wake. Siku ya safari yake ya kwanza ilikwenda umbali wa mita zipatazo 1,300 tu, upepo ukaipiga, ikalala, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya watu wa Stockholm. Uzito ulikuwa umewekwa juu mno. Sisi nasi tunayo majeraha yetu. Tarehe 21 Mei 1996 tuliipoteza MV Bukoba karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu. Sitaki kusema kwamba mchoro ungewaokoa, kwani hakuna mchoro unaomzuia mtu kupakia kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba kosa la penseli hufutwa kwa raba, kosa la msumeno hulipwa kwa fedha, na kosa linaloingia majini hulipwa kwa roho. Mwenye busara hulikamata lingali la penseli.

Hata hivyo tusiiabudu mashine. Nimeshawaonyesha namba yangu ya 86. Sasa nawapa kosa la wakubwa. Mwaka 2006 kampuni ya Airbus ya Ulaya ilijikuta katika fedheha. Ndege yake kubwa, A380, ilikuwa ikitengenezwa kwa vipande katika miji mbalimbali na kuunganishwa Toulouse, Ufaransa. Vipande vilivyotoka Hamburg, Ujerumani, vilipofika, nyaya za umeme zilizomo ndani hazikuenea. Nyingine zilikuwa fupi. Sababu moja kubwa ni kwamba ofisi za miji hiyo zilitumia matoleo tofauti ya programu ileile, na michoro ya huku haikusomana vyema na ya kule. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mteja Oktoba 2007, baada ya kuchelewa sana. Mwaka 1913 Papenburg ilipeleka makasha 5,000 hadi Kigoma yakaungana. Karibu karne moja baadaye, kwa kompyuta zote zile, Hamburg ilipeleka nyaya Toulouse zikagoma. Waliotumia kompyuta hawakuwa wajinga. Walisahau tu kwamba mchoro ni makubaliano kati ya watu, na makubaliano yanataka watu wazungumze.

Hatari ya pili iko karibu nasi zaidi, nayo ni ile picha ya kuonea. Siku hizi mtu anaweza kukuletea picha ya kiti, ya jiko la kuokea, ya nyumba au hata ya boti, inang'aa, ina kivuli chake na maua mezani, ukadhani kitu hicho kipo. Hakipo. Pengine hakijawahi hata kupimwa. Picha haivunjiki, haiozi, haina uzito. Kiti cha kwenye picha kinaweza kuwa na miguu myembamba kama kiberiti na kisianguke kamwe. Wako wanaochukua fedha za watu kwa picha za namna hiyo. Sisi wateja ndio tunaowapa nafasi, kwa sababu tunalipia uzuri kabla ya kuuliza kazi.

Basi ukionyeshwa picha, uliza maswali matatu. La kwanza: ramani yake yenye vipimo iko wapi? Kama hakuna ramani, ulichoonyeshwa ni mchoro wa kupamba ukuta. La pili: nani alipima, na alipimia mahali penyewe au alikisia akiwa ofisini? La tatu: kitu hiki kitaingiaje, kitasimamaje, na kikiharibika mkono wa fundi utapita wapi? Laiti ningeuliza hilo la tatu, kabati langu lingekuwa na miguu.

Kwa mafundi wetu, nasema kwa heshima: msiogope. Kijana yule anatumia programu ya FreeCAD, ambayo hutolewa bure, si ya kuiba wala ya kukodi. Kompyuta anayotumia aliinunua ikiwa imeshatumika. Mjomba wake bado ndiye anayechagua mbao, kwa sababu kioo hakiwezi kunusa ubao mbichi wala kusikia mlio wa ubao wenye ufa. Lakini sasa mteja wa samani za shule au hoteli akiuliza ramani, karakana hiyo inayo ya kumpa, na kazi ambayo zamani ingekwenda mji mwingine inabaki hapa. Na kwa wazazi wanaoona aibu mtoto akisema anataka ufundi, watazame tena. Seremala mwenye kushika randa kwa mkono mmoja na ramani kwa mwingine hatakosa ugali.

Kwa wakubwa wetu wa elimu na ufundi nina ombi dogo. Msinunue kompyuta tu mkazifungia chumbani na kufuli. Wapelekeni vijana ufukweni Ujiji, Katonga na Kibirizi wakiwa na kamba, futi na daftari, wazipime boti za wazee wangali hai, na wazee walipwe kwa kuwasahihisha. Boti kumi zikipimwa vizuri, Kigoma itakuwa na daftari la urithi wake, na mwanafunzi wa kesho atakuwa na mahali pa kuanzia.

Yule mzee wa Ujiji, tulipokuwa tunaaga, alimwita kijana arudi na kompyuta yake. Akataka kuiona tena boti baada ya 86 kuwa 68. Akaitazama kwa muda mrefu, akiigeuza kwa kidole huku na huku kama tulivyomwonyesha. Halafu akasema, "Hiyo sasa ndiyo yangu. Iwekeni."

Kijana akaiweka. Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, pima, chora, kisha ndipo ukate. Kwaheri.